Yule wa Kifua Cheupe

Ulaan Am, Uvurkhangai
28 Mei 1999

Mdogo wangu Lodoi,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi yangu Urnaa. Natumaini ulifika Ulan Bator salama na kwamba mimba yake haimsumbui sana. Sisi huku tumeuvuka upepo wa Aprili. Mbuzi wameshachanwa manyoya. Mwanetu Solongo bado yuko bweni, ameniandikia kwamba hesabu zimemshinda na kosa ni la mwalimu. Mbwa wetu mzee amekufa. Ndivyo tulivyo.

Sasa lile lako. Badarch alirudi kutoka mjini siku mbili baada ya wewe kuondoka. Alizikuta ngozi saba zimeanikwa juu ya zizi, akauliza kabla hata ya kushuka kwenye farasi, "Nani huyu?" Nikasema ni Lodoi. Akauliza, "Amebakiza?" Unamjua mume wangu, hata jina la mbwa mwitu halitaji, kwake ni "wale wa mlimani". Nikamwambia ulikuta watoto wanane pangoni ukabakiza mmoja, kama ulivyoniambia ulipofika mlangoni. Hapo ndipo alipoketi na kuomba chai. Baba yake na baba yetu walikuwa wakichukua watoto na kuacha mmoja au wawili, ili wazazi wasihame korongo, na katika bonde hili hakuna aliyewahi kufanya vinginevyo. Kwa hiyo amekusamehe kuingia Korongo Jekundu bila kumwuliza. Amesema, "Kijana wa mjini, lakini adabu anayo."

Mimi nimefurahi, sikufichi. Mwaka jana walituulia watoto tisa wa farasi, na yule wa kijivu nilikuwa namnywesha maziwa kwa chupa mwenyewe. Mwaka huu wote wazima, wanarukaruka mbele ya hema na kuniangushia ndoo. Asante.

Dada yako,
Sevjid


Ulan Bator
30 Juni 1999

Dada yangu Sevjid,

Barua yako imenifikia baada ya mwezi mzima. Dereva Purev anasema alipitia kwa shangazi yake. Huyo bwana ana shangazi kila wilaya, na wote wana vodka.

Urnaa amejifungua mtoto wa kiume tarehe kumi na nane. Ana kilo nne na sauti ya mpiga mieleka. Jina bado, tunamsubiri mama mkwe aamue, maana tukiamua wenyewe ataamua upya. Kazini ni kama kawaida, mji hauhitaji joto wakati huu kwa hiyo tunafungua mabomba yote ya kupasha nyumba joto na kuyasugua kutu. Narudi nyumbani mwekundu kama matofali.

Nimefurahi kusikia watoto wa farasi wako wazima. Kuhusu yule niliyembakiza, mwambie shemeji asijali. Mambo ya korongo tuyaache hukohuko korongoni. Je, mvua zimeanza? Na sikukuu ya Julai mtapeleka farasi wa kukimbia?

Nduguyo,
Lodoi


Ulaan Am
29 Julai 1999

Mdogo wangu Lodoi,

Hongera sana! Mfunike mtoto vizuri, na usimsifu mbele za watu. Nimewatumia jibini kavu na mkia wa kondoo kwa ajili ya supu ya mzazi. Purev akisema mkia ulipotea njiani, mnuse mdomo.

Farasi wetu alimaliza wa kumi na nne. Badarch anasema ni kwa sababu ya mpandaji. Mpandaji ni Solongo, kwa hiyo hapa ndani hatusemeshani siku ya tatu.

Mvua ni chache. Lakini si hilo ninalotaka kukuandikia. Wakumbuka miaka yote farasi walivyokuwa wakifika mdomo wa Korongo Jekundu, wananusa, wanakoroma, wanageuka? Hawakuthubutu kuingia, kwa kuwa wale wa mlimani walikuwa ndani na watoto wao. Ndiyo maana majani ya mle yalikuwa yanafika magotini, yanakauka yamesimama, na Novemba tunapohamia na kondoo na mbwa na moto wetu tunakuta akiba ya baridi nzima. Hatukuwahi kujenga ua. Hofu ya farasi ndiyo iliyokuwa ua.

Mwaka huu wanaingia. Wetu, na wa majirani pia. Wanashinda mle kutwa na watoto wao, wanakula, wanagaagaa, wanalala chali. Natoka kuwafukuza na baada ya chai moja wamesharudi.

Badarch hana wasiwasi. Anasema wazazi wako hapo juu kwa kuwa wana mmoja wa kulea, na akianza kutembea mwezi wa nane farasi watamnusa na kutoka, na majani yatapata wiki chache za kuchipua. Tuna njia mbili nyingine: kukata majani ya mtoni na kuyakausha, kazi ya wiki tatu kwa watu wawili, au kuhamia kusini kwa binamu yake kabla ya baridi. Zote mbili amezikataa. "Nihame kwa nini," anasema, "na Lodoi amebakiza?"

Niambie basi, mdogo wangu. Yule mmoja alikuwa na nguvu? Alikuwa mkubwa kiasi gani?

Sevjid


Ulan Bator
24 Agosti 1999

Dada yangu,

Mkia ulifika, nusu. Mdomo wa Purev ulinuka vitunguu tu, kwa hiyo sina ushahidi.

Mtoto amepewa jina Temuulen. Anakua haraka, Urnaa analalamika mgongo. Nimewatumia betri za redio, peremende za Solongo, na pea moja ya soksi za Kirusi za shemeji. Hapa mjini watu wanasema baridi itakuwa kali, lakini watu wa mjini kila mwaka husema hivyo, na kila mwaka wanatulaumu sisi wa mabomba.

Umeuliza kuhusu yule mdogo. Alikuwa na nguvu, ndiyo. Mkubwa kuliko wenzake. Alikuwa na baka jeupe kifuani, dogo, kama kiganja cha mtoto. Shemeji akimwona atamtambua. Msiwe na haraka ya kuhama, dada, kuhama ni kazi na nyinyi ni wawili tu. Subirini kidogo.

Lodoi


Ulaan Am
19 Septemba 1999

Lodoi,

Tunaendelea. Betri zimefika. Badarch miwani yake ilikanyagwa na mbuzi, kwa hiyo barua zako namsomea mimi. Nilipofika kwenye baka jeupe alinishika mkono nirudie. Sasa analisimulia kwa kila anayepita kunywa chai: "Shemeji yangu ameacha dume moja au jike moja, sijui, lakini lina kifua cheupe." Kila jioni hupanda kwenye mwamba akatega sikio. Anarudi akisema, "Bado mdogo, hajajifunza kulia."

Korongo limekwisha. Farasi wamekula kila kilicho kitamu mpaka kwenye mzizi, wameacha pakanga na miiba tu, na udongo unaonekana. Wakati wa kukata majani mtoni umepita, yameshakauka yakapeperuka. Kusini bado kunafikika, kama tutaondoka kabla ya theluji.

Kama una jambo lingine la kuniambia, niandikie mimi peke yangu. Andika jina langu juu ya bahasha na umwambie Purev anipe mkononi.

Sevjid


Ulan Bator
5 Oktoba 1999

Dada Sevjid, hii usiisome kwa sauti.

Sikumbakiza. Nilikusudia. Nilimtoa wa nane nikamweka pembeni juu ya koti langu, nikawamaliza wale saba. Yeye akawa analia. Halii kwa sauti kubwa, lakini haachi. Mama yao alikuwa juu kwenye mawe ananizunguka, simwoni, nasikia vijiwe tu vinadondoka. Nikakumbuka jinsi ulivyolia kwa ajili ya yule wa kijivu. Ulisema mbele yangu, "Laiti wangekwisha wote." Lakini nisikutwike wewe. Nilimpiga kwa sababu alikuwa analia na mimi nilitaka nitoke pale. Kisha nikaona haya hata kumchuna. Nikamsukumia chini ya jiwe, nikaja hemani nikakuambia nimembakiza, kwa kuwa ulikuwa umesimama mlangoni umetabasamu.

Lile baka jeupe ni la kweli. Ni la huyohuyo.

Wazazi wasipokuta kitu huhama, shemeji analijua hilo kuliko mimi. Hakuna atakayelia kwenye mwamba. Nendeni kusini, dada. Ondokeni mkipata barua hii, siku hiyohiyo. Mwambie shemeji umeota ndoto mbaya, mwambie lolote. Nimempa Purev leo, na ameniapia wiki mbili.

Lodoi


Ulaan Am
9 Januari 2000

Lodoi,

Barua yako ya Oktoba imefika jana. Injini ya Purev ilimfia makao makuu ya mkoa akakaa miezi miwili akisubiri kipuri, na barua ilikuwa mfukoni mwa koti lake. Alipita hapa na jirani kwa ngamia, akanipa mkononi kama ulivyomwagiza. Ana aibu. Nilimpa chai.

Zudi imetufika, ile baridi ya kuua mifugo. Theluji ya Novemba iliyeyuka siku moja ikaganda, na juu ya ardhi kuna barafu unayoweza kujitazama kama kwenye kioo. Kwa Dondov, bonde la pili, wale wa mlimani wapo na farasi hawakuingia kiangazi chote. Majani yake ni marefu, yametoboa barafu, na kondoo wake wanang'ata ncha zake na wanaishi. Mvua yake ilikuwa hii hii ndogo kama yetu. Katika Korongo Jekundu chini ya barafu hakuna kitu cha kutoboa. Kondoo wanakwangua mpaka pua zinatoka damu, wakifika wanakuta udongo. Tulianza na mia tatu na ishirini. Jana asubuhi walisimama themanini na wanne. Wengine wamesimama lakini wamekufa, unawasukuma wanaanguka na miguu imenyooka. Farasi wameanza kulana mikia.

Sasa nisikilize, kwa kuwa na mimi nina langu.

Nilikuwa najua. Tarehe kumi na mbili Juni nilikwenda kuokota samadi ya kuwashia moto nikafika pangoni. Nilisikia harufu. Nikalisukuma jiwe. Alikuwa na ngozi yake yote, na baka jeupe kifuani. Nilimrudishia jiwe, nikaokota samadi yangu, nikarudi nikapika. Sikumwambia Badarch. Watoto wa farasi walikuwa wananirukia pale mlangoni na mimi nilikuwa na furaha, Lodoi, ndiyo aibu yangu, nilikuwa na furaha. Na ni kweli nilisema laiti wangekwisha.

Julai nilikuuliza alikuwa mkubwa kiasi gani ili useme mwenyewe. Badala ya kusema ukanielezea yule niliyemwona chini ya jiwe, ukamfanya mzima. Nami nikamsomea mume wangu kwa sauti. Alinishika mkono nirudie nikarudia. Nilifikiri bado kuna siku, atasema Lodoi, nisiwe mimi. Wewe ulikuwa unasubiri mimi nigundue, mimi nasubiri wewe useme, na Badarch yuko juu ya mwamba anatega sikio.

Sijamwambia mpaka leo. Anatoka alfajiri kuvunja barafu kwa shoka na anarudi mikono imepasuka. Anadhani kosa ni lake, kwamba alipaswa kuwafukuza farasi kwa bidii zaidi. Juzi aliniomba radhi. Mimi!

Aprili theluji ikiyeyuka kutakuwa na mizoga ya kuburuta mpaka shimoni kabla haijaozea mtoni. Njoo. Njoo uburute, na umwambie mwenyewe lile lako mkiwa kazini. Langu nitalisema mimi.

Sevjid


Ulan Bator
20 Februari 2000

Dada yangu,

Heri ya Mwezi Mweupe na mwaka mpya, ingawa najua mwaka huu hamkuchinja. Temuulen ana meno mawili. Nimepata ruhusa ya siku kumi na mbili, nitafika na Purev katikati ya Aprili. Nitamwambia. Nimeshajipangia hata maneno.

Lodoi


Ulaan Am
16 Mei 2000

Lodoi,

Sikuulizi habari za safari.

Siku tisa mlifanya kazi pamoja, wewe na Badarch, kamba moja, yeye mbele wewe nyuma. Niliwasikia mkitaniana. "Shemeji, hiyo ni mikono au pamba?" "Pamba ya Kirusi hii, haichaniki!" "Vuta bwana, amekufa huyo, haumii!" Mara ya kwanza tangu Novemba nilimsikia mume wangu akicheka. Kila jioni nilikuangalia, nawe kila jioni ulikuwa umechoka sana. Nikasema moyoni, kesho.

Jioni ya mwisho alikumiminia bakuli, akasema, "Nimesikiliza majira yote, shemeji, hata kwenye barafu nilisikiliza. Hebu niambie, yule wako wa kifua cheupe alikuwa dume au jike? Maana jike huolewa mbali."

Mimi nilikuwa nimeshika upawa. Nilijua ndiyo sasa. Mlango ulikuwa umefunguliwa na yeye mwenyewe, ulihitaji kuingiza mguu tu. Ukaangalia ndani ya bakuli lako, ukasema, "Dume."

"Ah, dume," akasema Badarch, amefurahi. "Dume hurudi kwao."

Ukanywa, ukalala, asubuhi ukapanda gari. Ulimkumbatia Solongo. Ukanipa mimi mgongo.

Gari lilipopotea nyuma ya kilima nilimwendea. Alikuwa anasuka upya kamba ya kufungia farasi. Nilisema langu lote, na kwa kuwa langu haliwezi kusimama bila lako, nalo likatoka. Hakuacha kusuka.

"Ulimwona lini?" aliuliza.

"Juni. Tarehe kumi na mbili."

"Na ile barua ya kifua cheupe ulinisomea lini?"

"Mwanzo wa Septemba ilipofika. Iliandikwa Agosti."

"Kwa hiyo hakuna dume."

"Hakuna."

Akasuka mpaka mwisho wa kamba, akafunga fundo, akalivuta kulijaribu. Nilikuwa nasubiri anipige au alie, na kati ya hayo sijui nilitamani lipi. Hakusema kitu juu ya wale wanane. Hakusema kitu juu yako kuvunja desturi ya baba zetu, jambo ambalo nililiogopa mwaka mzima. Amesema tu kwamba tangu Juni hadi Agosti alikuwa na kondoo mia tatu na ishirini wenye miguu ya kufika kusini, na mafyekeo mawili ya majani yamenolewa.

Tangu siku hiyo analala upande wa magharibi, mahali wanapolala wageni. Ananisalimia asubuhi. Anasema asante nikimpa chai. Miaka ishirini na mbili hajawahi kuniambia asante kwa chai.

Kondoo waliobaki ni thelathini na mmoja. Kwenye Korongo Jekundu majani yanaanza kutokeza, mafupi, na farasi wachache waliobaki wameshayagundua. Nawafukuza mimi siku hizi, kutwa, kwa miguu. Hakuna mwingine wa kuwafukuza.

Badarch ana swali moja. Ameniagiza niliandike kama alivyolisema, bila kuongeza: "Kwa nini hukuniambia Agosti?" Mjibu yeye. Mimi usiniandikie kwanza.

Sevjid


Ulan Bator
8 Juni 2000

Shemeji Badarch,

Sikuulizi habari za mifugo, kwa kuwa nazijua.

Walikuwa wanane, na niliwaua wanane. Ulipouliza nikasema dume.

Nimeanza barua hii mara tano. Katika zile nne nilikuandikia kwamba nilidhani wengine wangekuja kutoka bonde la pili, kwamba mvua ilikuwa chache kwa kila mtu, kwamba gari la Purev liliharibika, kwamba dada naye alikuwa anajua. Yote ni kweli na nimeyachana yote.

Agosti niliona aibu. Na kondoo walikuwa wako, si wangu.

Lodoi